Maneno Mia Moja ya Baba Mkubwa

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Nimeula! Mchapishaji ameniita ofisini kwake asubuhi, akanikalisha kwenye kiti chenye mto (si kile cha mbao cha watu wa kalenda), kisha akaniuliza chai yangu huwa natia sukari vijiko vingapi. Miaka kumi na mmoja namtungia kalenda za ukutani, sentensi moja ya busara kwa kila siku ya mwaka, na hajawahi kujua hata kama chai nakunywa.

Habari yenyewe ni hii. Jumamosi tunatimiza mwaka mzima tangu Baba Mkubwa afariki. Baba Mkubwa, kaka yake baba yangu, ndiye aliyekusanya Ghala la Nukuu, kitabu kizito ambacho kila mwalimu anacho na kila mtoa hotuba anakinyonya kimyakimya. Kwa miaka arobaini na minne alisoma vitabu vya wenzake, akachomoa sentensi zilizong'aa, akaziandika kwenye kadi. Kadi moja, sentensi moja, na chini yake mwandishi, kitabu na ukurasa. Kadi elfu ishirini na sita! Zote ziko nyumbani kwake kwenye makabati matatu. Sasa Mchapishaji anataka toleo jipya. Toleo jipya linataka mhariri mpya. Na jina la mhariri huenda kwenye JALADA.

Makabati ni mali ya mjane, yaani Mama Mkubwa, na ndiye atakayeamua yaende kwa nani. Wanaofikiriwa ni wawili. Mimi, damu ya marehemu. Na Mkutubi wa maktaba ya mji, aliyehakiki kadi zile kwa miaka ishirini. Namwita Bi Ukurasa. Ukimwambia mvua inanyesha, atakuuliza umeisoma ukurasa wa ngapi.

Mchapishaji anataka kijitabu kwa ajili ya kumbukumbu ya Jumamosi: maneno ya marehemu mwenyewe. Aliyeishi kwa maneno ya wengine, je, yeye alisema nini? Atakayekileta atapigiwa debe kwa Mama Mkubwa. Akaniuliza kama naweza kupata kauli thelathini. Nikasikia mdomo wangu unasema mia moja. Kufikia Ijumaa. Mdomo huu sijui nani aliufungua.

Jumanne, tarehe 4 Juni

Mpango: waulize waliomsikia. Rahisi kama kumenya ndizi!

Nimeanza kwa kinyozi wake wa miaka thelathini. Kasema marehemu alikuwa akikaa kitini anasema, punguza pembeni. Siku zote? Siku zote. Mara moja tu alisema punguza pembeni kidogo, na kinyozi anakumbuka walivyoshangaa wote.

Fundi viatu akaniponya. Kasema mzee alikuwa na maneno mazito kama mawe, akanipa matatu. Jirani yake, mwalimu mstaafu, akanipa manne. Saba kabla ya saa nne asubuhi! Nikapita maktaba nijivune kidogo. Kosa. Bi Ukurasa hata miwani hakuipandisha. La kwanza: droo ya kumi na nne. La pili: droo ya tatu, kadi ile iliyomwagikiwa chai. Alimaliza yote saba kabla sijatua mkoba, yote ya watu wengine, na kurasa zake. Kisha akaniambia, kwa upole wa kuudhi, kwamba Baba Mkubwa hakuwa na lake. Akisalimiwa alijibu kwa nukuu. Akiumwa jino alilia kwa nukuu.

Jioni kwa Mama Mkubwa. Anashona vifungo kibarazani, cherehani yake iko palepale ilipo siku zote, kwenye kona inayopigwa na mvua. Nikamwuliza kwa unyenyekevu: mezani, wakiwa wawili tu, marehemu alikuwa akisema nini? Akafikiri. Akakata uzi kwa meno. Akasema, "Chumvi."

Basi? Basi. Siku nyingine hata hilo hakulisema, alinyoosha kidole tu. Alikuwa na kitabu kimeegemezwa kwenye jagi la maji tangu wameoana, na yeye Mama Mkubwa amezungumza na utosi wa mume wake miaka arobaini na minne. Alisema hivyo bila hasira, huku anatafuta tundu la sindano. Nilimwonea huruma kwa kama nusu dakika.

Nimeandika: Chumvi. Moja. Zimebaki tisini na tisa.

Jumatano, tarehe 5 Juni

Usiku wa deni haukawii kucha, wanasema, na deni langu ni sentensi. Nimepiga moyo konde. Kama marehemu hakusema, nitamsemea! Mimi ndiye mtu pekee mjini anayetunga busara kwa ajira. Kufikia saa tatu asubuhi nilikuwa nazo kumi na moja, nyingine zilinisisimua mwenyewe. Nikamsomea mke wangu. Akasikiliza akipiga pasi. Akasema ya saba ilikuwa kwenye kalenda ya jikoni kwetu mwaka juzi, tarehe 14 Agosti, anakumbuka kwa sababu alifungia vitunguu. Ya tisa ilikuwa Pasaka. Ya kwanza na ya nne, akasema, ni ileile, nimeigeuza tu shati.

Mwanamke huyu hana hata chembe ya heshima kwa sanaa.

Mpango wa pili. Nimekwenda kwa Mama Mkubwa na kitambaa, eti nifute vumbi makabatini kabla ya Jumamosi. Amefurahi, akarudi kwenye cherehani. Nikapekua. Droo baada ya droo. Watu wengine, watu wengine, watu wengine! Droo ya mwisho kabisa, chini ya kabati la tatu, ikakataa kuingia hadi mwisho. Kuna kitu nyuma. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mimi nililala kifudifudi, mkono hadi begani, shavu kwenye sakafu, nikavuta.

Kopo la biskuti!

Ndani, kadi. Mwandiko wa Baba Mkubwa, ule wa herufi nyembamba zinazoinama. Kwenye kila kadi sentensi moja, na tarehe. Lakini chini hakuna mwandishi. Hakuna kitabu. Hakuna ukurasa! Nimezihesabu mara mbili: mia moja na kumi na mbili.

Alikuwa nayo! Mzee wa watu alikuwa na maneno yake, akaona haya, akayaficha kwenye kopo. Nililibusu kopo. Nikalisokomeza ndani ya shati na kuaga. Mama Mkubwa akanitazama, akasema tumbo langu leo lina pembe nne. Nikasema gesi. Akanichemshia maji ya tangawizi, akasimama hadi nimemaliza vikombe viwili. Kopo lilikuwa likigongagonga kila nikimeza. Nikakohoa kuzima sauti.

Alhamisi, tarehe 6 Juni

Siku ya furaha! Nimeandika ufafanuzi tangu alfajiri. Kauli tupu haitoshi, msomaji lazima ashikwe mkono. Kwa mfano:

"Kinachovuja hakingoji wageni waondoke." Nimeifafanua kurasa mbili. Siri za watawala na anguko la falme.

"Mguu wa meza hauna kosa, mwenye kosa ni anayetembea akisoma." Haki na wajibu wa raia. Ukurasa mmoja na nusu.

"Ukichelewa kufua, jua halitakuomba radhi." Kifo.

Na hii, taji la kopo lote: "Kila kitu katika nyumba hii kina mahali pake, isipokuwa mimi." Nilipoiandikia ufafanuzi machozi yalinitoka. Nyumba ni ulimwengu. Mimi ni binadamu. Kurasa nne.

Mke wangu amepitia rasimu akila karanga. Akaniuliza tangu lini Baba Mkubwa alifua nguo. Nikamjibu kwamba fikra kubwa haihitaji kulowa maji. Akasema haya, na akaendelea na karanga, lakini ile haya yake ilikuwa na mkia.

Mchana Bi Ukurasa kanifuata hadi kiwanda cha uchapaji. Nani kamwambia? Mpanga herufi, bila shaka, yule anaazima riwaya kwake. Kaomba kuona kadi moja tu. Nikamwonyesha kwa mbali, kidole gumba juu ya sentensi. Akatazama chini ya kadi, pale patupu, akabadilika uso. Akaniambia: Baba Mkubwa alikuwa na kanuni. Maneno ya aliyekufa aliyaingiza moja kwa moja. Maneno ya aliye hai hakuyaingiza mpaka amwombe mwenyewe ruhusa. Na mpaka amwombe, chini ya kadi aliacha wazi. Kwa hiyo kadi hizi zina mwenyewe, na mwenyewe yu hai, na hajaombwa. Nimtafute kwanza.

Wivu! Wivu mtupu, umevaa miwani! Miaka tisa nilimsaidia Baba Mkubwa kila Jumapili na sijawahi kusikia kanuni kama hiyo. Kweli, Jumapili nyingi nilikuwa nasinzia. Lakini mtu husikia hata akisinzia. Nikamwambia Bi Ukurasa kwamba aliye hai na asiyeombwa ruhusa ni yeye, na ruhusa ya kukaa hapa hana. Jibu kali sana. Nimelirudia njiani mara kadhaa.

Ijumaa, tarehe 7 Juni

Kimetoka! Nakala mia tatu. Kinanukia wino bado. MANENO YAKE MWENYEWE. Jina la Baba Mkubwa juu. Jina langu chini, mpanga herufi amelikuza kidogo kupita nilivyoomba, nami nilikuwa nimeomba likuzwe.

Kauli ni mia moja kamili. Kumi na mbili nimeziacha nje kwa sababu hazina kina. Moja ilisema tu, "Unakoroma kama mtu anayehamisha kabati." Huenda alikuwa akijisema mwenyewe, wakubwa wana unyenyekevu. Lakini haifai mbele ya wageni.

Mchapishaji amenipiga bega. Amesema kesho, nikishasoma kauli tatu jukwaani, yeye atasimama amwombe Mama Mkubwa atangaze hapohapo nani anachukua makabati. Hapohapo, mbele ya umati! Nimefanya mazoezi ya kushangaa mbele ya kioo. Mke wangu amesema nafanana na mtu aliyekanyaga msumari. Nimepunguza nyusi.

Jumamosi, tarehe 8 Juni

Naandika haya nikiwa stoo, mlango nimeufunga kwa ndani.

Ukumbi wa maktaba ulijaa hadi madirishani. Walimu, watoa hotuba, kinyozi, fundi viatu. Mama Mkubwa mstari wa mbele. Bi Ukurasa pembeni yake, mikono mapajani, mdomo umefungwa. Nikapanda. Nikakohoa kikohozi cha msomi.

Kauli ya kwanza. Kinachovuja hakingoji wageni waondoke. Nikaanza falme zinavyoanguka. Nikasikia mtu anacheka kidogo, puani. Mama Mkubwa! Nikadhani ni majonzi, majonzi yana njia nyingi.

Kauli ya pili. Mguu wa meza. Nilikuwa sijafika kwa raia wakati Mama Mkubwa aliposema, si kwa sauti kubwa, lakini ukumbi ule unasikia hata karatasi, "Hilo si nililisema mimi? Siku alipojigonga kidole."

Watu wakacheka. Nami nikacheka, nikasema kumbukumbu za wajane ni tamu. Jasho jembamba. Nikakimbilia kauli ya tatu, taji lenyewe, nikidhani litanyamazisha watu. Kila kitu katika nyumba hii kina mahali pake, isipokuwa mimi.

Kweli likanyamazisha.

Mama Mkubwa akasimama. Akaniuliza kama kwenye kadi niliyoishika kuna tarehe. Ipo. Akaniambia niisome. Nikaisoma: tarehe 19 Machi, miaka thelathini na moja iliyopita. Akaweka mkono kifuani. Akasema ndiyo siku lilipoletwa kabati la pili, na cherehani yake ikatolewa chumbani kupelekwa kibarazani. Alisimama mlangoni akayasema maneno yale, na mume wake hakuinua kichwa. Akaenda zake kupika. Miaka thelathini na moja, akasema, nilijua hakunisikia.

Kisha akasema, "Kumbe alikuwa anasikia," na sauti ikakatika, na kabla hatujajua tufanye nini akaanza kucheka. Alicheka hadi akakalishwa. Akasema nisome nyingine! Nikasoma ya kufua. Yake, siku ya mvua ya ghafla. Nikasoma ya kumi, ya ishirini. Yake, yake, yake! Kila moja na siku yake na sufuria lililokuwa jikoni. Ile ya kuvuja ni bomba la bafuni, wakwe wamekaa sebuleni na maji yanawafikia viatu. Fundi viatu alilia waziwazi. Mtu wa nyuma akauliza kwa sauti kuu falme zimefikia wapi.

Ndipo Bi Ukurasa akainuka, akapiga hatua hadi mbele ya Mama Mkubwa, akasema kwa niaba ya marehemu, aliyechelewa kuomba, anaomba yeye: je, mwenye maneno anaruhusu yaingie kwenye Ghala? Mama Mkubwa akaomba glasi ya maji. Akanywa yote, taratibu, pengine kwa mara ya kwanza maishani umati mzima unamngoja yeye. Akasema anaruhusu, isipokuwa moja atabaki nayo mwenyewe, na haikuwa kazi ya mtu kujua ipi.

Mchapishaji alikuwa ameshafika jukwaani kukusanya vijitabu vyangu. Vyote mia tatu. Hata alichokishika kinyozi.

Jumapili, tarehe 9 Juni

Mke wangu amenitoa stoo kwa kuniambia kwamba za mwizi ni arobaini na mimi nimefika arobaini na moja, kwa hiyo nioge, niende nikaombe radhi.

Nimekwenda. Nilitegemea kufukuzwa. Mama Mkubwa yuko mezani, kopo (nililiacha ukumbini nikikimbia) mbele yake pale lilipokuwa jagi, kadi zimetandazwa meza nzima. Ana furaha kama msichana! Amezisoma zote mara mbili. Akanionyesha ile ya kukoroma. Aliisemea jikoni, akasema, ukuta ukiwa katikati yao, na mzee akaiandika hata hiyo. Hakunikemea. Hilo liliniuma zaidi, kwa kama nusu saa.

Uamuzi: makabati yote matatu yanakwenda maktaba, kwa Bi Ukurasa. Kesho. Jina la Bi Ukurasa kwenye jalada. Nikauliza kwa nini. Kwa sababu, akasema, kwa miaka ishirini binti yule hakutoa hata kadi moja ndani ya nyumba hii bila kubisha hodi. Nami nimetoa kopo zima tumboni, halafu nikanywa tangawizi yake.

Nafasi yangu ya jalada imekwenda na maji. Lakini sikia hili! Ana kazi kwangu. Kila kadi ina tarehe, na yeye anazikumbuka siku zote. Anataka mtu wa kukaa naye asubuhi aandike kilichotokea siku ile. Mke wangu amesema hiyo ni adhabu. Mimi nimeona mlango. Jumatatu makabati yametoka chumbani, cherehani imeingia.

(Nimeandika Jumatatu kabla haijafika. Ndivyo ilivyo kichwa changu sasa hivi, kinatangulia.)

Jumatano, tarehe 12 Juni

Siku ya tatu ya kazi. Makabati yameondoka kweli, chumba kina mwangaza ambao sikujua upo, na Mama Mkubwa anashona akiimba katikati yake. Mimi kwenye kigoda, na daftari, na kadi mpya tupu mia moja nilizonunua mwenyewe, kwa sababu nimegundua jambo ambalo wote wamelikosa. Mama Mkubwa bado anasema! Kila siku! Kopo lile lilikuwa la zamani tu. Mpya zinamwagika ovyo sakafuni kama vifungo, na hakuna wa kuziokota ila mimi.

Leo asubuhi alikuwa akinisimulia kadi ya thelathini na nane. Ghafla akasimamisha gurudumu la cherehani, akanitazama usoni, muda mrefu, akasema:

"Mwizi wa maneno hajifichi, hupanda jukwaani."

Ewe! Nikaruka kutoka kigodani. Sentensi safi kiasi gani! Fupi, ina uzito, ina meno. Nimejaribu kukisia alikuwa akimfikiria nani. Bi Ukurasa, nadhani, yule alizidi kusimamasimama siku ile. Nikamwomba Mama Mkubwa airudie nisikosee neno. Akairudia polepole, bado ananitazama mimi, labda kwa sababu hakukuwa na mtu mwingine chumbani.

Nimeiandika kwenye kadi ya kwanza. Chini, pale patupu, nilikaa na kalamu kama dakika mbili. Kanuni naijua sasa, aombwe ruhusa. Lakini ana miaka sabini na sita na maneno mengi, hili moja hawezi kulikumbuka. Nimeandika jina langu.

Jumamosi kuna mkutano wa wapenda vitabu maktaba. Nimeshaomba dakika tano jukwaani niisome.